Stika niliyoibania miaka mitatu

Nilikua na stika moja ya Motörhead, bendi ya hevi metali, ile yenye lile dude la pembe na meno ya nguruwe, nimeibania kwenye droo miaka mitatu maana kila nikipata ubao mpya wa skeitibodi najiambia hapana, huu bado. Mwezi uliopita nikajitoa ufahamu nikaibandika tumboni mwa ubao kabisa, katikati ya vyuma vya magurudumu. Siku hiyohiyo nikapanda ukingo wa zege nikateleza kwa tumbo, kugeuza ubao naangalia meno yote hayapo, limebaki jicho na pembe. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Najua kuna mtu atasema si ungebandika kwenye laptop. Ndio ingekaa, ila ingekua pambo tu. Kwenye skeitibodi stika inaliwa, na ndo raha yenyewe, yaani ubao wa mtu ukiugeuza unamsoma. Ukiona mkia umesagika hadi mbao inaonekana ila tumboni stika zinang'aa kama zimetoka jana, huyo anaruka tu, reli za kuteleza haigusi. Na zile zilizojificha karibu na vyuma ndo zinadumu, so ukitaka kujua jamaa alikua anasikiliza nini ubao ulipokua mpya angalia hapo. Halafu jamani msibandike stika za karatasi tumboni, zinajikunja zinashika kwenye chuma unarushwa mbele. Weka za plastiki, hizo walau zinateleza.

Sasa kwanini hevi metali na sio muziki mwingine? Watu wanadhani ni mafuvu tu yanapendeza, lakini hawa watu walikua nyumba moja, tena kwa wengine ni nyumba moja kweli. Mike Muir anayeimba kwenye bendi ya Suicidal Tendencies, kaka yake ni Jim Muir, mmoja wa wale Z-Boys, timu maarufu ya skeitibodi ya kule Venice, California, mwenye kampuni ya skeitibodi ya Dogtown. James Hetfield wa bendi ya Metallica nae alikua anacheza skeitibodi, mpaka 1986 wakiwa kwenye ziara wanamfungulia jukwaa Ozzy Osbourne akaanguka na skeitibodi akavunjika mkono, ikabidi fundi wao wa magitaa apige gitaa lake yeye abaki kuimba tu. Na aliyekua akiichorea Metallica yale mafuvu yenye mishipa mishipa, mchoraji anaitwa Pushead, alikua anachora pia mbao za kampuni ya skeitibodi ya Zorlac na alikua na safu yake ya muziki kwenye jarida la skeitibodi la Thrasher. Kwahiyo mkono uleule ulichora tisheti ya bendi na tumbo la ubao, ndo maana stika ya metali ukiibandika pale haionekani mgeni.

Kuna kitu kingine nimekiona mwenyewe, nembo za bendi za black metal, lile tawi la giza la hevi metali, zile kama mizizi ya mti hata jina husomi, ndo stika bora kuliko zote kwa kazi hii. Ikichubuka nusu hakuna anayejua, tangu mwanzo ilikua imechubuka. Ya bendi ya Slayer nayo inavumilia, ile ya panga panga, hata ikibaki robo unaitambua. Ya bendi ya Iron Maiden hapana, Eddie, lile zombi lao, ukimkwangua uso basi, unabaki na herufi tu, inauma.

Wanaovaa tisheti za bendi bila kujua hata wimbo mmoja siwasemi, wameshasemwa vya kutosha. Kwenye stika hilo halinisumbui kabisa, hata kama ulipewa bure huijui bendi, ukishaisugua kwenye zege ni yako.

Ila niseme ukweli na mimi, toka siku ile nimejikuta ubao nauweka upande upande nikiteleza ili lile jicho lisiguswe, juzi nimeanguka vibaya kwasababu hiyo, goti limevimba mpaka leo. Jicho lipo.