Memori ya kuazima

Mwaka 2009 nilikuwa msaidizi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Kisumu. Daktari mmoja wa mazingira alikuwa akituletea picha za setilaiti za Landsat, ambazo Marekani ilikuwa imezifungua bure mwaka uliotangulia, apime jinsi gugumaji lilivyotanda Ghuba ya Winam. Programu yake iligeuza kila nukta ya picha kuwa namba ya desimali, na picha moja ikafura kupita gigabaiti moja. Mashine zetu zilikuwa na megabaiti 512, basi.

"Kijana, imelala tena?" Daktari angeniuliza.

Haikulala. Taa ya diski ilikuwa inawaka bila kupumzika. Memori ikijaa, Linux, mfumo uliokuwa ukiendesha mashine zetu, huhamishia kurasa, yaani vipande vidogo vya memori, kwenye diski, kisha huzirudisha zikihitajika, na diski ya kuzunguka hutumia karibu milisekunde 10 kuutafuta ukurasa mmoja. Zidisha hiyo mara mamia ya maelfu, utaelewa kwa nini Daktari alikuwa anakuja na chai yake kwenye thamosi.

Fundi wetu mkuu, tuliyemwita Injinia, alizitazama mashine za safu ya dirishani zilizokaa bure. "Daktari, tuazime memori ya hawa."

Kila jirani akatenga sehemu ya memori yake, akaitoa mtandaoni kana kwamba ni diski, kwa zana ya Linux iitwayo nbd, na mashine ya Daktari ikaitumia kama swopu, yaani mahali pa kuhamishia kurasa memori ikijaa. Ukurasa una baiti 4,096. Kebo ya megabiti 100 huupitisha kwa kama theluthi moja ya milisekunde. Kwa jirani kukawa karibu kuliko stoo yetu wenyewe. Injinia alikuwa na wasiwasi na jambo moja tu: mashine iliyobanwa huhitaji memori kidogo ili itume pakiti za data mtandaoni, na inatuma pakiti ili ipate memori. Ikikwama hapo, imeganda. (Dawa yake iliingia ndani ya Linux mwaka 2012.)

Haikuganda. Kilichotuangusha ni mwanafunzi aliyeingia Jumamosi mchana na simu iliyoisha chaji, akachomoa waya wa mashine ya dirishani. Mashine ilizimika na kurasa zake zote. Programu ya Daktari ikafa papo hapo, saa nyingi za kazi zikapotea, ingawa mashine yake mwenyewe ilikuwa nzima kabisa. Hilo ndilo watu husahau wanaposifu memori ya mbali: ukiazima kwa watatu, yeyote kati yao akianguka umeanguka.

Injinia hakumgombeza kijana. Alipanga upya, kila ukurasa ukaandikwa kwa majirani wawili. Tulipata nusu ya nafasi, lakini ilitosha.

Jumatatu Daktari alichukua ramani yake, akauliza kama angeweza kuleta picha za miezi mingine.

"Mbili kwa mpigo, hapana," Injinia akajibu. "Moja moja, lete."