Kutoka kuandika programu hadi darasa la biashara: amana ya mgeni ilinifundisha

Miaka yangu ya kuandika programu Unguja ilikwenda zaidi kwenye mifumo ya kuwekea nafasi za hoteli. Nilipoanza kusoma biashara jioni kule Tunguu, nilidhani hisabati ndiyo itakayonibeba. Kilichonishinda mwanzo ni swali dogo: pesa inakuwa mapato lini?

Mgeni analipa amana mwezi wa pili kwa chumba cha Paje atakacholala mwezi wa saba. Mfumo nilioandika uliihesabu kuwa mapato siku ileile pesa ilipoingia. Kihasibu, ile ni deni: hoteli inadaiwa malazi. Inageuka mapato mgeni akishalala, na akighairi huenda ikarudishwa. Ukikosea hapo, mwezi wa pili unaonekana una faida kubwa, halafu wa saba unaonekana mbaya wakati vyumba vimejaa. Dawa yake ni kutenganisha akaunti mbili, ya amana na ya mapato. Kila muamala una debiti (upande wa kushoto wa akaunti) na krediti (upande wa kulia). Amana ikiingia, debiti benki, krediti amana za wageni. Akishalala, debiti amana, krediti mapato ya vyumba. Debiti na krediti lazima zilingane kila muamala, na mwandishi wa programu atalipenda sharti hilo.

Jenereta ni kinyume chake. Ukiinunua kwa shilingi 12,000,000 na ukakadiria itatumika miaka 5 bila kubaki na thamani yoyote mwishoni, pesa inatoka leo yote, lakini gharama kwenye hesabu ya faida ni 2,400,000 kwa mwaka. Kwa hiyo hoteli inaweza kuwa na faida kwenye karatasi na kushindwa kulipa mishahara masika, mwezi wa nne na wa tano, wageni wakiwa wachache. Siku hizi naanza kusoma mtiririko wa fedha, yaani pesa inayoingia na kutoka, faida baadaye.

Kwenye uwekezaji, tuseme mashine ya barafu ya samaki ya 10,000,000, inayoingiza 4,000,000 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 3. Jumla ni 12,000,000, tamu. Lakini pesa ya kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo, na kiwango cha punguzo ndicho kinachoipunguza kwa kila mwaka wa kusubiri. Kwa kiwango cha asilimia 10, thamani halisi ya sasa (NPV), yaani thamani ya leo ya mapato hayo ukitoa bei ya mashine, ni hasi 52,592. Kwa asilimia 9 ni chanya 125,179. Asilimia moja tu imegeuza jibu, basi bishaneni kuhusu kiwango kwanza. Na kwenye Excel, fomula ya NPV huchukulia kiasi cha kwanza kimeingia mwisho wa mwaka wa kwanza. Ziache zile 10,000,000 za leo nje ya mabano, uzitoe baadaye. Ukizitia ndani, kwa asilimia 10 utapata hasi 47,811 badala ya hasi 52,592, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya.

Chuo kikitaka GMAT, mtihani wa kujiunga na shahada za uzamili za biashara, sehemu ya hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45, bila kikokotoo. Mazoea yetu waandishi wa programu ya kuhakiki kila jibu yatakumalizia muda. Swali likizidi dakika tatu, kisia uendelee. Unaruhusiwa kurudi kubadilisha majibu matatu tu kwa kila sehemu.