Jino liliponyamaza

Mdogo wangu ni mchomeleaji wa vyuma pale mtaani Unga Limited, hapa Arusha. Mwaka jana mwezi wa saba gego lake la chini kushoto, lile la mwisho kabisa, lilimtesa siku nne. Alisukutua maji ya chumvi, akabana karafuu, akameza vidonge vya maumivu. Siku ya tano maumivu yakakata. Akanipigia simu: "Dada, limenyamaza, Mungu mkubwa." Na mimi nikashukuru.

Jino likinyamaza ghafla namna hiyo, mara nyingi ujue mshipa wake wa fahamu ndani umeshakufa. Uozo hauendi popote, unateremka kwenye mizizi. Na sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru, tukinywa maji yenye floraidi nyingi, meno yetu ni ya kahawia tangu utoto. Tundu jeusi kwenye jino la kahawia, nyuma kabisa, nani angeliona?

Ijumaa akavimba. Akaenda zahanati fulani, wakamwandikia vidonge, wakamwambia arudi Jumatatu. Hakuna aliyemwambia afungue mdomo. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Jumamosi usiku wifi alinipigia akilia. Nilimkuta mdogo wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imekamata magoti, kidevu amekisogeza mbele, mate yanamdondoka kwenye kanga ya mkewe kwa sababu hawezi kumeza. Uvimbe ulikuwa chini ya kidevu, pande zote mbili. Nikaugusa nikidhani ni jipu, nitakuta laini. Ulikuwa mgumu kama ubao, na kidole changu hakikuacha hata alama. Alipojaribu kuongea, sauti ilitoka kama ya mtu mwenye tonge la ugali mdomoni. Meno yaliachana upana wa kidole kimoja tu, na katika upenyo huo niliuona ulimi umenyanyuka, umebana kaakaa.

Wifi alikuwa amemkanda kwa kitambaa cha moto tangu mchana. Simlaumu, kwetu uvimbe hukandwa.

Tulimpakia kwenye bajaji akiwa ameketi katikati yetu. Hospitalini wakataka kumlaza kitandani, akakataa kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Daktari akaja mbio: "Msimlaze! Mwacheni akae hivyo hivyo." Akilala chali, ulimi uliovimba unarudi nyuma na kuziba koo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshalijua hilo bila kufundishwa.

Ugonjwa huu unaitwa anjaina ya Ludwig, kwa jina la daktari wa Stuttgart, Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliyeueleza mwaka 1836. Kabla ya antibayotiki zaidi ya nusu ya waliougua walikufa, wengi kwa kukosa hewa. Nilimuuliza daktari jino linafikaje shingoni, akanichorea nyuma ya karatasi ya vipimo. Sakafu ya mdomo ina msuli uliotandazwa kama machela kutoka taya hadi taya. Mizizi ya meno ya mbele kwa kawaida huishia juu ya msuli huo, ndiyo maana usaha wake hutokeza kwenye fizi. Ya magego mawili ya mwisho mara nyingi hushuka chini ya msuli, na usaha wake huangukia shingoni moja kwa moja. Kutoka hapo kuna njia ya kuteremka hadi kifuani, karibu na moyo. Karatasi ile ninayo.

Wakaanza na hewa. Mrija wa kupitia mdomoni usingewezekana, hivyo walimchoma ganzi shingoni na kumtoboa tundu kwenye koo akiwa macho, ameegemezwa, wifi akiuliza mlangoni kama ataongea tena. Mrija wa hewa ulipokaa, ndipo daktari wa usingizi akamtia usingizi. Wakamchana chini ya taya, kushoto na kulia. Nilitarajia bakuli la usaha. Kilichotoka ni majimaji machache ya kahawia yenye harufu ambayo sijaisahau. Wakaacha mipira ya kupitishia uchafu, wakang'oa lile gego, wakamwekea antibayotiki mbili, seftriaksoni na metronidazoli, kwenye mshipa.

Na kipimo cha sukari kikasoma 19, juu mno. Miaka thelathini na minane, hakuna aliyewahi kumpima. Kisukari hudhoofisha kinga, na maradhi kama haya hupenda mtu wa namna hiyo. Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa akinywa maji lita nzima karakanani na kuamka usiku mara tatu. Tulikuwa tukisema ni joto la moto wa kuchomelea.

Alikaa wodini siku kumi na moja. Siku walipoutoa mrija waliziba tundu kwa kitambaa cha dawa, wakamwambia abonyeze akitaka kuongea. Akabonyeza kwa vidole viwili, akamwita mkewe kwa jina. Wifi akakaa chini sakafuni.

Amerudi kazini. Kila asubuhi anajitoboa kidole apime sukari, na ameng'oa gego jingine lililokuwa limetoboka. Kovu mbili ziko chini ya taya, moja ndogo kooni. Usiku hadi sasa hataki kulala chali. Wifi anamwekea mito mitatu, na yeye anaipanga upya mwenyewe kabla ya kuzima taa.