Shanga ni za mwisho: kutarizi bloku ya kwilti ya viraka holela

Ukishamaliza kuunga viraka vya hariri, satini na mahameli kuwa bloku, yaani kipande kimoja cha mraba cha kwilti (blanketi la viraka), mkono hukimbilia kopo la shanga. Uzuie. Shanga zikitangulia, uzi wa kutarizi utanasa kila unapouvuta, fremu ya duara haitabana sawa, na pasi hutaweza kuipitisha juu. Lesi na tepe zinazobanwa ndani ya mshono huingia wakati wa kuunga viraka. Baada ya hapo piga pasi, tarizi juu ya mishono, halafu maua na picha za katikati ya viraka. Shanga hufuata. Vifungo na mapambo mazito hufunga kazi.

Bloku unayotaka ibaki sentimita 30, ikate sentimita 35. Kila uzi unaokazwa hukivuta kitambaa kidogo, na tarizi ikiwa nyingi bloku hunywea. Kitambaa cha chini kiwe marekani nyepesi ya pamba iliyokwisha kufuliwa, la sivyo itarudi baadaye na kukunja kila kitu kilicho juu yake. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) ya uzi wa rangi kali kwenye mstari wa kipimo cha mwisho, kisha bandi ya pili sentimita 1.5 ndani yake. Shanga zote zikae ndani ya bandi ya pili. Ushanga ukiingia chini ya mguu wa cherehani siku ya kuunganisha bloku, aidha utapasuka wenyewe au utavunja sindano.

Hariri ya zamani ijaribu kabla ya kuiamini: ikunje, ubane mkunjo kwa kucha. Ikipasuka, iache. Kwilti nyingi za Marekani za miaka ya 1880, mtindo huu ulipopamba moto, leo hariri zake zinachanika zenyewe kwa sababu viwanda viliziongezea uzito kwa chumvi za metali. Inauma kuona tarizi nzima imebaki huku kiraka kilichoibeba kimekuwa vumbi.

Uzi wa pamba wenye nyuzi sita ukate urefu wa sentimita 45. Ukizidi hapo unachakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi na unajisokota. Chomoa uzi mmoja mmoja, kisha uunganishe nyuzi mbili au tatu. Ukichomoa tatu kwa pamoja hufungamana. Juu ya mahameli nyuzi mbili humezwa na manyoya yake, kwa hiyo tumia uzi mnene wa kusokotwa namba 8. Mahameli pia huachiwa alama na fremu. Viringisha utepe wa pamba kwenye duara la ndani, na uitoe fremu kila unapopumzika. Ukichora kwa kalamu ya wino unaofutika kwa maji, usipige pasi kabla ya kuufuta, maana joto huukaza.

Mshono wa unyoya, wenye vitanzi vinavyopishana kushoto na kulia, ndio unaofunika vizuri kuliko yote. Kosa lake la kawaida ni vitanzi kusinyaa kadiri mkono unavyozoea: unaanza na milimita 6, unamaliza na 4. Bandika kando ya mshono utepe wa karatasi wenye alama kila milimita 6, ufuate alama, kisha uubandue kazi ikiisha. Mahameli usiibandike, itang'oka manyoya. Iwekee alama kwa bandi. Mshono mmoja unapoishia kwenye mwingine kama herufi T, tarizi kwanza ule unaoishia, kisha ule unaopita juu yake. Ncha ya kwanza inajificha bila kuhitaji ujanja wowote.

Sasa shanga. Namba zikipanda, ushanga unapungua: namba 11 ni kama milimita 2, namba 15 ni ndogo zaidi. Sindano ya shanga namba 10 huenda na za 11, namba 12 na za 15. Usishonee kwa uzi wa kutarizi, kwani ukingo wa kioo huukereza polepole. Chukua uzi wa nailoni au poliesta, uukunje maradufu, uupitishe kwenye nta. Anza kwa mishono miwili midogo juu ya marekani upande wa nyuma, na kila baada ya shanga tatu hadi tano piga fundo dogo. Uzi ukikatika siku moja, zitaanguka chache tu.

Ushanga mmoja kwenye ncha ya unyoya upitie mara mbili. Ukipita mara moja utauona unalegea kama jino bovu, mara ya pili inauketisha. Kwa mstari, tunga shanga tatu, zilaze kitambaani, zamisha sindano pale pale ya tatu inapoishia. Ukizama karibu zinavimba, ukizama mbali uzi unaonekana. Ibuka kati ya ya kwanza na ya pili, pita tena ndani ya ya pili na ya tatu, tunga tatu nyingine. Mwishoni pitisha uzi ndani ya mstari wote mara moja, nao utanyooka.

Shanga ndefu za mrija zina kingo kali. Weka ushanga mdogo kila upande wa mrija ili uzi usigeukie kwenye ukingo. Puleki, vile visahani vyembamba vinavyometa, huibukiwa kwenye tundu, unatunga ushanga wa 15 juu, unarudi tundu lile lile. Shanga za rangi zitie chache kwenye maji ya sabuni ya uvuguvugu, kisha uzisugue kwenye kitambaa cheupe, nyingine huchuja.

Shanga zikusanye sehemu tatu au nne na uache angalau kiraka kimoja kitupu. Bloku iliyojaa kila mahali huwa nzito, hulegea katikati, na tarizi uliyoihangaikia haionekani.

Pasi ikilazimu, laza bloku kifudifudi juu ya taulo nene, pasi isiwe kali, wala usiguse palipo na puleki za plastiki kwa sababu hujikunja. Kisha igeuze juu ya sinia jeupe na uitikise. Ushanga unaocheza ushonwe upya kabla ya kupunguza kingo. Bandi ya nje itolewe bloku ikishaunganishwa na mwenzake.