Kofia ya jino huharibikia ukingoni

Mgonjwa anaporudi kulalamika kwamba fizi inavuja damu kuzunguka kofia ya jino, au jino limeoza chini yake, mara nyingi kauri yenyewe ni nzima na bado inang'aa. Kilichoshindwa ni ukingo, ule mstari mwembamba ambapo kofia inakutana na jino. Nazungumzia hapa kofia ya chuma iliyovikwa kauri, kazi ambayo mafundi wengi wanaijua.

Kila kitu kinaanzia kwenye kipimo alichochukua daktari, yaani chapa ya meno ya mgonjwa. Kipimo cha alginati, ute wa kuchukulia chapa unaochanganywa na maji, hupoteza maji na kusinyaa haraka, kwa hiyo kwa kofia dai cha silikoni. Kabla ya kumimina plasta, zungusha jicho kwenye ukingo wote kwa lenzi. Ukiona mstari umekatika au kuna kitundu cha hewa, rudisha kipimo kliniki, hata kama daktari atanuna. Fundi anayekisia ukingo asiouona anatengeneza kofia ya jino lililomo kichwani mwake.

Modeli, yaani nakala ya meno inayomiminwa ndani ya kipimo, hutengenezwa kwa plasta ngumu ya aina ya 4, kwa kawaida mililita 20 hadi 23 za maji kwa gramu 100 za unga, kutegemea maelezo ya pakiti. Tumia mzani, macho hayapimi plasta. Maji yakizidi, plasta hukosa ugumu na ukingo unakwanguka kwa kisu cha nta. Mimina kidogo kidogo kutoka pembe moja, juu ya mashine ya kutetemesha, ili hewa ipate pa kutokea.

Jino la plasta likishakatwa kutoka kwenye modeli, chonga plasta iliyo chini ya ukingo, kisha uchore mstari kwa penseli nyekundu. Paka rangi ya kuacha nafasi ya saruji, unene wa maikroni 25 hadi 40, ukiishia kama milimita 1 kabla ya mstari. Rangi ikifika ukingoni, kofia itaacha mwanya. Isipopakwa kabisa, saruji hukosa pa kukaa, kofia inabaki juu, na daktari anaishia kusaga kauri mdomoni mwa mgonjwa.

Kwenye nta, ambayo baadaye chuma kitachukua nafasi yake, jenga umbo zima la jino kwanza, halafu punguza nafasi ya kauri, ukibakiza ganda la milimita 0.3 hadi 0.5. Wanaoruka hatua hii hupata kauri nene isiyo na chuma cha kuishikilia, nayo ndiyo humeguka kwenye gego. Mwishoni yeyusha upya milimita ya mwisho ya ukingo na kuikandamiza, maana nta ikipoa hujivuta na kuliacha jino. Usiilaze nta mpaka kesho: itajipinda bila wewe kuona. Ikikamilika, ifukie kwenye plasta ya kustahimili moto siku hiyohiyo.

Hapa ndipo penye hesabu. Aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na kromi husinyaa takriban asilimia 2 inapopoa, kwa hiyo plasta ya kustahimili moto lazima itanuke kiasi hichohicho. Unaidhibiti kwa kimiminika chake maalumu na maji yaliyotoneshwa. Kofia zikibana, ongeza kimiminika. Zikilegea, ongeza maji. Badilisha kidogo kidogo na uandike ukutani, la sivyo kila pakiti mpya itakuwa bahati nasibu. Choma nta mpaka takriban nyuzi 900 ili iache uwazi ndani ya plasta, na mimina chuma humo tanuru likiwa limefunguliwa punde. Ukichelewa, chuma huganda kabla ya kufika ukingoni, nao hutoka mfupi na wa mviringo. Ukingo wa hivyo haurekebishiki, rudia nta.

Vumbi la nikeli si la kuvuta. Washa kifyonza vumbi, vaa barakoa, na nunua aloi isiyo na berili, metali yenye sumu.

Kauri ni hatua inayopendwa kupigwa picha, lakini matatizo yake mengi yanatoka nyuma. Chuma kikishapigwa mchanga usikishike kwa vidole, mafuta ya ngozi huzuia kauri kushika. Kauri husinyaa sana tanurini, basi jenga jino kubwa kuliko unavyotaka, na ulikaushe mlangoni mwa tanuru kwa dakika kadhaa, maana mvuke ulionaswa huipasua. Unga wa kauri na aloi lazima viendane: chuma kitanuke zaidi kidogo kuliko kauri, ili kikipoa kiibane. Visipoendana, ufa unaweza kutokea hata kofia ikiwa imeshafika kliniki.

Zirkonia, kauri ngumu isiyohitaji chuma ndani, imeondoa nta na uyeyushaji. Kompyuta huchonga kofia ikiwa kubwa kwa asilimia 20 hadi 25, kisha tanuru la karibu nyuzi 1,500 huisinyaza hadi kipimo chake. Lakini ukingo bado una masharti. Kichongeo hakiingii kwenye kona nyembamba kuliko chenyewe, na jino la mbele lililoachwa na ncha kali huilazimisha mashine kula ukuta kwa ndani mpaka uwe mwembamba. Mwombe daktari aziviringe ncha hizo kabla ya kuchukua kipimo.