Gesi ilishindwa na mdomo wangu

Miaka 11 sikukanyaga kwa daktari wa meno. Sindano naivumilia, lakini ile sauti ya mashine ikianza tu, viganja vinalowa jasho. Gego la chini lilipoanza kuoza nikawa natafunia upande mmoja, basi.

Ushauri nilipewa wa kila aina. "Jikaze, wewe mtu mzima." "Ni kama kuumwa na siafu." Huyo wa siafu hajawahi kung'olewa hata jino moja! Mwingine akanipa vidonge vya usingizi vya mama yake nimeze kabla ya kwenda. Usithubutu. Vikikutana na dawa za daktari asiyejua umemeza nini, pumzi inaweza kukukatikia.

Shavu lilipovimba nikaenda. Nikamwambia daktari kweli mlangoni: naogopa, nikikimbia usishangae. Akasema ipo gesi, nitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni. Unaivuta puani, mwili unalegea, na ukimaliza unapewa oksijeni tupu dakika chache kichwa kinarudi. Nikajua nimepona.

Kumbe mimi nikiogopa nasema. Nilisimulia kazi, nikasimulia ndoto, nikauliza kila chombo kina kazi gani. Gesi inaingilia puani, na pua yangu siku hiyo ilikuwa pambo tu, hewa yote inapita mdomoni. "Vuta kwa pua," daktari ananiambia. "Ndiyo, dakta, navuta," nami najibu, na kwa kujibu huko nimeshavuta kwa mdomo. Robo saa! Nadhani muuguzi alifaidi ile gesi kuliko mimi. Daktari aliposhika sindano ya ganzi, nikamdaka mkono. Tukaahirisha, nikapewa dawa ya usaha.

Mara ya pili ikawa midazolamu, dawa ya kutuliza, ya mshipani. Nisile chochote kwa muda wa saa 6 kabla, niende na mtu wa kunirudisha, nisiendeshe gari wala kutia sahihi popote hadi kesho yake. Kidoleni kibanio cha kupima oksijeni. Watu hudhani unalala fofofo. Hulali, ukiitwa unaitika, ila baadaye mara nyingi hukumbuki kitu. Ganzi unachomwa vilevile.

Niliona bomba likisukumwa mkononi, nikauliza, "Sasa tunaanza saa ngapi?" Maneno yalitoka yamejaa pamba. Daktari akanisogezea kisahani: gego langu, mizizi yake miwili, na tundu ambalo punje ya mchele ingeingia bila kugusa ukuta.

Mke wangu anadai njia nzima nililiomba radhi lile gego. Sikumbuki, kwa hiyo sikubali.

Miezi sita baadaye palikuwa na jino la kuziba. Nikataka gesi tena, maana ile ya kwanza iliniuma moyoni. Wiki nzima nilisimama mbele ya kioo, mdomo wazi, napumua kwa pua. Jaribu uone ilivyo kazi. Safari hii ilikolea. Vidole vya miguu vikalegea, mashine nikaisikia mbali kama cherehani ya jirani.

"Leo mbona kimya?" daktari akauliza.

Sikumjibu.