Kwa Nini Filamu Inagoma Ukiwasha VPN

VPN ni programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva, yaani kompyuta iliyoko mbali. Huduma ya video haioni kilichomo ndani ya VPN yako. Data husimbwa kutoka kwenye kifaa chako hadi kwenye seva ya VPN, na kuanzia hapo husafiri kama data ya mtu mwingine yeyote. Huduma huona anwani ya IP ya seva hiyo, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni, kisha hujiuliza swali moja: anwani hii ni ya nani?

Kupata jibu si kazi. Kila anwani imo ndani ya mtandao fulani wenye namba yake, ASN, na taarifa hizo ziko wazi kwa yeyote. Anwani za majumbani ni za kampuni za simu na intaneti. Anwani za VPN mara nyingi ni za vituo vya data vinavyokodisha mashine, na hakuna mtu anayeishi ndani ya kituo cha data akitazama tamthilia usiku. Zipo kampuni, MaxMind ikiwa mojawapo, zinazouza hifadhidata zinazoonyesha nchi ya anwani na kama inajulikana kuwa ya VPN au proksi, yaani seva ya kati inayoficha anwani yako. Huduma hulinganisha na kukata shauri papo hapo.

Dalili nyingine ni msongamano. Nyumba moja ina akaunti moja au mbili. Seva ya VPN hupitisha akaunti chungu nzima kwa anwani ileile. Ndiyo maana seva iliyofanya kazi jana inakataa leo: watu wameijua, wameijaza, imegundulika. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba kampuni za simu nazo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo asiye na hatia naye hunaswa. Agosti 2021 Netflix ilipoanza kubana hata anwani za majumbani zilizokuwa zikitumiwa na VPN, wateja wasio na VPN yoyote walijikuta orodha yao ya filamu imepungua.

Na usumbufu wote huu ni wa nini, ilhali mteja amelipa? Ni mikataba. Mwenye filamu huuza haki nchi kwa nchi: Ujerumani ameuza kwa kituo cha televisheni, Marekani kwa huduma ya mtandaoni, kwingine bado iko kwenye majumba ya sinema. Aliyenunua haki za Ujerumani amelipia kuwa peke yake huko. Mtazamaji wa Ujerumani akiingia kwa mlango wa Marekani, ununuzi ule umepungua thamani, na mwenye filamu ataidai huduma ya Marekani ulinzi iliyoahidi. Januari 2016 Netflix ilifungua milango katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, na mwezi huohuo ikatangaza kwamba itawabana wanaotumia proksi. Kwa filamu ambazo haki zake inazo dunia nzima haina sababu ya kukuzuia. Ndiyo maana mara nyingine ukiwa na VPN unaona hizo tu, nyingine zimefichwa. Mpango wake wenye matangazo haukubali VPN kabisa, na vipindi vyake vya moja kwa moja navyo haviikubali.

Ukikuta ujumbe wa kukataliwa, kwa Netflix msimbo wake ni M7111-5059, usikimbilie kubadilisha seva. Zima VPN, kisha funga na ufungue upya programu ya video. Ikigoma bado, zima Wi-Fi kwenye simu na ujaribu kwa data ya simu. Ikicheza, kosa liko kwenye mtandao wa nyumbani: huenda VPN imewekwa ndani ya ruta, na kuizima kwenye simu hakusaidii kitu. Kwenye kompyuta angalia viongezi vya kivinjari. Kivinjari cha Opera kina VPN yake ndani, na watu huisahau ikiwa imewashwa. Kwenye runinga angalia DNS, mpangilio unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Kama kuna namba zilizoandikwa kwa mkono, rudisha kwenye mpangilio wa kujitafutia yenyewe.

Chanzo kinachosumbua zaidi ni IPv6, aina mpya ya anwani za IP inayotumika pamoja na ile ya zamani, IPv4. VPN nyingine hupitisha IPv4 peke yake, IPv6 ikatoka nje kwa njia yake ya kawaida. Fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani zako zote mbili: moja ikisema Uholanzi na nyingine ikisema nchi uliyopo, umepata jibu. Zima IPv6 kwenye kifaa, au tumia VPN inayoibeba. Na programu za simu zilizopewa ruhusa ya kusoma mahali ulipo zinaweza kulinganisha GPS na anwani, kwa hiyo hata seva safi haitakuokoa hapo.

Kwa anayetaka VPN kwa usalama wake tu, suluhisho ni kuitenga programu ya video. Ndani ya mipangilio ya VPN nyingi kuna sehemu ya kuchagua programu zipi zisipite humo. Iweke ya video hapo, iache benki na barua pepe zibaki ndani. Kwenye Android hili ni kawaida. Kwenye iPhone programu nyingi za VPN hazina sehemu hiyo, hivyo itabidi kuzima na kuwasha kwa mkono.

Na kama huna VPN popote lakini bado unazuiwa, zima ruta dakika chache ili upate anwani nyingine. Ikishindikana, wapigie wanaokuuzia intaneti. Anwani ni mali yao, na wao ndio wenye nafasi nzuri ya kuomba irekebishwe kwenye hifadhidata.